Re: CRP 38, ni bakteria?
Pole sana dada. Umeuliza kama CRP 38 (protini inayopimwa kwenye damu) ya mwanao wa mwaka na nusu mwenye mafua na homa maana yake ni bakteria, hapana, si lazima. CRP inatengenezwa na ini mwili ukipambana na maambukizi, na virusi kama adenovirasi vinaipandisha hata kupita hapo, ya mwanangu ilifika 60, macho mekundu, koo limevimba, na ilikuwa virusi tu. Halafu inachelewa kupanda, ukipima homa ndo imeanza asubuhi hiyo inaweza kusoma ndogo ikakudanganya. Kwa hiyo antibayotiki usianzishe kwa namba peke yake, muulize daktari kifua kinasikikaje. Usiku mvue shati akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima, zikifika 40 au mbavu zinabonyea ndani au anakataa kunyonya, mrudishe hospitali muda huohuo jamani.