Cheti cha bunduki si kibali cha kuwinda
Ndugu, umeuliza kama cheti cha raifo yako kinakuruhusu kumwinda kulungu huko Kwale, kama unavyoona kwenye video za Marekani. La, hata ukiwa na cheti huruhusiwi kumpiga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikalikaza fundo, mpaka uwindaji wa kitoweo. Cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha kinakupa haki ya kumiliki bunduki tu. Na huyo mnyama wa kwenye video za Marekani si kulungu wetu. Madume wa kule hudondosha pembe kila mwaka, wetu hubaki nazo maisha yao yote.

Nimewinda miaka mingi, lakini upande wa Tanzania, ambako wanaruhusu kwa leseni, kwa msimu, na kwa idadi uliyoandikiwa. Kule kwa kulungu raifo ya risasi za .308 yatosha kabisa. Lenga nyuma ya bega, tena subiri akupe ubavu. Ila usijaribu kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania na bunduki yako eti una cheti cha Kenya. Bila kibali cha pande zote mbili utalala ndani.