"Aliyezaliwa bila kuumbwa": neno "bila" linakanusha nini?

SWALI: Ninafundisha vijana wa kipaimara parokiani. Tulipofika kwenye Nasadiki, yaani kanuni ya imani tunayoisali, kijana mmoja aliuliza: mtu anawezaje kuzaliwa bila kuumbwa, na sisi sote tumezaliwa na tumeumbwa na Mungu? Mwenzake akadai kwamba Kiswahili cha sala hiyo kina kasoro, afadhali tuseme "aliyezaliwa, asiyeumbwa". Nami nina langu: kwa nini "aliyezaliwa kwa Baba" na si "na Baba"? Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, mpongeze kijana wa kwanza kabla ya kumjibu. Amegusa jambo lililowafanya maaskofu wasafiri hadi Nisea, mji ambao leo ni Iznik nchini Uturuki, mwaka 325, kwa wito wa Kaisari Konstantino. Maneno "aliyezaliwa bila kuumbwa" yaliwekwa katika kanuni ya imani kwa sababu kulikuwa na watu, tena wasomi na wacha Mungu, walioona kwamba kuzaliwa na kuumbwa ni kitu kimoja. Kwa hiyo siwezi kujibu sarufi nikauacha ugomvi wenyewe.

Tuanze na vitenzi. Kuumba ni kukipa kitu umbo. Anayefinyanga udongo anaumba chungu, na kutokana na mzizi huohuo tuna umbo, maumbile, kiumbe na Muumba. Kinachoumbwa hukaa nje ya aliyekiumba na hakiwi wa jinsi yake. Kuzaa ni kinyume: mbuzi huzaa mbuzi, mtu huzaa mtu. Tena Kiswahili hakimbagui baba na mama katika kitenzi hiki. Soma Mathayo 1:16 katika Biblia ya Muungano, ambapo Yakobo "akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu". Baba amezaa, mama amezaa, kitenzi ni kilekile katika mstari mmoja. Ndiyo maana kusema Mwana amezaliwa kwa Baba hakuna ukakasi wa kisarufi hata kidogo.

Sasa, kijana anasema sisi tumezaliwa na tumeumbwa pia. Ni kweli, ila mwulize: nani alikuzaa, na nani alikuumba? Watendaji ni tofauti. Wazazi wamemzaa, Mungu amemuumba, kwa hiyo vitenzi viwili vinakaa kwa amani ndani ya mtu mmoja. Kwa Mwana wa Mungu mtendaji anabaki mmoja tu, yaani Baba. Hapo ndipo swali linapouma: tukisema Baba "alimzaa" Mwana, je, hiyo ni njia nyingine tu ya kusema "alimuumba"?

Ario alijibu ndiyo. Alikuwa padre mjini Aleksandria, Misri, na mnamo 318 hivi aligombana na askofu wake, Aleksanda, juu ya jambo hili. Katika barua yake kwa Eusebio, askofu wa Nikomedia, aliandika kwamba Mwana, kabla hajazaliwa, au kuumbwa, au kuwekwa, au kuwekewa misingi, hakuwako. Tazama vitenzi vilivyopangwa foleni, vikiunganishwa na "au", kana kwamba kimoja kinaweza kukaa mahali pa kingine. Kwa Ario vyote vilibeba maana ya kupata mwanzo. Hakuwa mtu wa kumdharau Kristo, na mwalimu asimchore hivyo mbele ya vijana. Katika barua nyingine, aliyomwandikia Aleksanda, alimwita Mwana kiumbe kamili cha Mungu, lakini si kama mojawapo ya viumbe. Alichohofia ni kwamba neno "kuzaa", likichukuliwa kwa uzito wake, litamfanya Mungu agawanyike kama mwili unavyogawanyika. Hofu hiyo ina uzito wake. Alitaka kuulinda umoja wa Mungu, na akaona njia salama ni kulitafsiri "kuzaa" kama "kuumba".

Wasemaji wa Kiswahili wanaijua hofu ya namna hiyo kwa upande mwingine. Kwa Kiswahili Surat al-Ikhlas ya Kurani husomwa "hakuzaa wala hakuzaliwa", kwa kitenzi kilekile cha Nasadiki. Huo ni mjadala mwingine wa karne ya 7 huko Arabuni, si wa Nisea, na hauishi kwa sarufi. Lakini kijana aliyekulia Tanga au Mombasa huenda amesikia sentensi zote mbili tangu utotoni, na ni haki yake kuambiwa kwamba wakristo wa kale nao walikubali jambo hili: Mungu hazai kimwili. Walichogombania wao kwa wao ni kama kuna kuzaa kusiko kwa kimwili.

Kigiriki, lugha ya mjadala ule, kiliwapa taabu ambayo Kiswahili hakitupi. Neno lao la "aliyezaliwa" na neno la "aliyepata kuwako" yalitofautiana kwa herufi moja tu: la kwanza, gennetos, lina n mbili; la pili, genetos, lina moja. Ukanushaji wao ulikuwa hivyohivyo, agennetos na agenetos. Mtu akisikia kwa sikio tu, hawezi kujua lipi limesemwa. Wote walikubali kwamba asiyezaliwa ni Baba peke yake. Ario akahitimisha kwamba asiye na mwanzo ni Baba peke yake, na maneno yenyewe yalimsaidia kuteleza kutoka hatua moja hadi nyingine. Atanasi, aliyekwenda Nisea akiwa shemasi na kuwa askofu wa Aleksandria mwaka 328, alitumia kurasa nyingi kuyatenganisha. Kwetu "aliyezaliwa" na "aliyeumbwa" hayafanani hata kwa herufi za mzizi. Hii ni tunu ya lugha yetu, na katekista anayefundisha kwa Kiswahili aitumie kwa ujasiri.

Twende kwenye "bila". Kwa Kigiriki kanuni inasema, neno kwa neno, "aliyezaliwa, si aliyefanywa". Mfasiri wa Kiswahili alifanya mambo mawili. Kwanza, mahali pa "kufanywa" aliweka "kuumbwa", na naona alipatia, kwa kuwa neno lililobishaniwa lilikuwa "kiumbe". "Asiyefanywa" lingepwaya. Pili, mahali pa "si" aliweka "bila", na hapa ndipo kijana wa pili anaona kasoro.

Mimi sioni kasoro. "Bila" ikifuatwa na kitenzi-jina (kitenzi chenye ku-, kama "kuaga") huondoa katika tendo jambo ambalo msikilizaji angetarajia liambatane nalo. Ukisema fulani ameondoka bila kuaga, umeeleza aliondoka kwa namna gani. Ukisema "ameondoka, haagi", umetoa habari mbili zilizowekwa kando kwa kando. Vivyo hivyo "aliyezaliwa, asiyeumbwa" inampa Mwana sifa mbili, na zote ni za kweli kwa imani ya Nisea. Lakini Ario alikuwa na msimamo mkali zaidi ya kumwita Mwana kiumbe: alisema kuzaliwa kwenyewe ndiko kuumbwa. "Bila kuumbwa" inamjibu hapo hapo, kwa sababu inaingia ndani ya tendo la kuzaliwa na kusema kwamba halina kuumba ndani yake. Atanasi alilieleza kwa mfano wa binadamu: mtu hujenga nyumba kwa shauri lake, bali humzaa mwana kwa asili yake. Nyumba ingeweza isijengwe, na ikijengwa inabaki kitu kingine. Mwana ni wa asili ya baba. "Asiyeumbwa" si kosa, ila "bila" ina makali zaidi.

Swali lako la "kwa" na "na" ni rahisi kidogo. Baada ya kitenzi cha kutendwa, mtendaji hutambulishwa kwa "na", ndiyo sababu katika Kanuni ya Mitume tunasali "akazaliwa na Bikira Maria". Huko tunataja tukio lenye siku yake na mahali pake, na mama aliyejifungua. Katika Nasadiki ndefu, hii ya Nisea, "kwa Baba" inaonyesha asili, kule atokako, kama yanavyofuata "mwanga kwa mwanga, Mungu kweli kwa Mungu kweli". "Na Baba" ingekubalika kisarufi. Ingevunja tu mfululizo wa hizo "kwa", na ingevuta sikio lielekee kwenye kuzaliwa kwa Bethlehemu.

Kisha inakuja "tangu milele yote", ambayo vijana hawajaiuliza lakini wataiuliza. Kwa kawaida "tangu" hudai mahali pa kuanzia: tangu jana, tangu Pasaka. Milele haina pa kuanzia. Zaidi ya hayo, "aliyezaliwa" ina -li- ya wakati uliopita, na sikio linasikia jambo lililotokea likaisha. Origenes, mwalimu mkubwa wa Aleksandria aliyefariki kwenye miaka ya 250, yaani kabla ya ugomvi wa Ario, alikwishafundisha kwamba Baba hakumzaa Mwana mara moja akamaliza: anamzaa daima. Kiswahili kina hu- ya mazoea, lakini "huzaliwa" ingeleta maana ya kurudiarudia, na hilo ni baya zaidi. Kwa hiyo tunabaki na -li- tukiiwekea "tangu milele" kando yake ili kuizuia isidai tarehe.

Hapo pia kuna jambo la kusahihisha katika vitabu vyetu. Kauli mashuhuri ya wafuasi wa Ario hufasiriwa "kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako". Kigiriki chao hakikutaja "wakati", na hiyo ilikuwa kwa makusudi, kwani Ario mwenyewe aliandika kwamba Mwana alikuwako kabla ya nyakati. Kiswahili kinaweza kulisema hilo vizuri kwa -po- yake, inayoonyesha hali bila kulitaja neno wakati: "palikuwa alipokuwa hayupo". Ni sentensi nzito kidogo, lakini ndiyo aminifu kwake, na mtu tunayempinga anastahili kupingwa kwa alichosema.

Hatimaye jiandae kwa Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Kijana hodari atasema: kumbe yumo miongoni mwa viumbe! Ario naye aliupenda mstari huo, pamoja na Mithali 8:22, ambako Biblia ya Kigiriki ya zama hizo ina Hekima ikisema "Bwana aliniumba". (Kiebrania chake hubeba pia maana ya kupata au kumiliki, Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alichagua "alinimiliki", na Biblia ya Muungano imeandika "Bwana alikuwa nami".) Katika mstari wa Wakolosai kazi yote inafanywa na "wa" ya pili. Inaweza kumweka mtu ndani ya kundi, kama "mwanafunzi wa kwanza wa darasa", au kumweka juu yake, kama "mkuu wa shule", ambaye si shule. "Wa" peke yake haiamui. Waambie wasome neno lililotangulia, "mzaliwa", kisha waendelee hadi mstari wa 16, "kwa kuwa katika yeye vitu vyote viliumbwa". Vitenzi vyetu viwili viko hapo, mzaliwa upande mmoja na vilivyoumbwa upande wa pili, na darasa linaweza kubishana likiwa na ushahidi mkononi.