Bibi alisema sisi ni Washirazi, je DNA inasemaje?

SWALI: Mambo vipi kaka mhariri, mimi msomaji wenu wa Tanga. Marehemu bibi alikuwa anatuambia asili yetu Shirazi, kule Uajemi (Iran ya leo), mababu walikuja na majahazi. Shule tukaambiwa hizo stori tu, watu walikuwa wanajikweza. Sa hivi nasikia watu wamepima DNA za makaburi ya zamani, nani mkweli?

JIBU: Dada yangu, bibi hakukudanganya, ila na yeye alipewa stori nusu.

Mwaka 2023 jarida la sayansi la Nature lilitoa utafiti wa wanasayansi akina Profesa Chapurukha Kusimba na David Reich, walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wa huku pwani, Manda, Faza na Mtwapa za Kenya, Kilwa na Songo Mnara za Tanzania, waliozikwa kati ya 1250 na 1800. Wanachukua jino au kale kamfupa kagumu ka sikioni, maana humo DNA inadumu karne na karne, wanasaga unga kidogo tu basi.

Sasa kuna DNA unairithi kwa mama peke yake, na kuna ingine inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Ya kina mama ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, ya kina baba nyingi ya Uajemi, na huko kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000 hivi. Uhindi upo kidogo, Uarabu ukaja kuongezeka baada ya 1500.

Kwahiyo Waajemi walifika kweli, wakaoa. Lakini hawakukuta pori jamani, pale Shanga kisiwani Pate kulikuwa na msikiti wa miti tangu miaka ya 700 huko! Na watoto walilelewa kwa lugha ya mama zao ndo maana mpaka leo tunasema mkono, jicho, maji, mtoto, Kibantu kitupu. Ila ujue wengi waliopimwa ni wa makaburi ya karibu na msikiti, watu wenye nafasi zao, usichukulie ndo pwani nzima.

Kinachoniuma mimi ni hao kina mama. Silsila zetu, yaani orodha za ukoo, zimejaa fulani bin fulani, wao hawamo kabisa, wakati nusu ya damu na msingi wa lugha ni wao. Kama bado una bibi mdogo au shangazi mzee hapo Tanga, muulize mama yake bibi aliitwa nani, na mama wa huyo je, alitokea wapi, uandike majina yao kwenye daftari.