Madoa ya Jua: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Jua ni moto mtupu. Madoa meusi yanatoka wapi? (Msomaji, Sakina)

Doa si shimo wala jivu. Ni mahali ambapo nguvu ya sumaku imekuwa kali, maelfu ya mara kuliko ya dunia, hadi joto la chini linashindwa kupanda. Uso wa Jua una nyuzijoto kama 5,500 za Selsiasi; katikati ya doa hushuka hadi 3,500 hivi. Bado ni joto la kuyeyusha chuma. Linaonekana jeusi kwa sababu pembeni yake panang'aa zaidi.

Nishati ya mlipuko wa Jua penye madoa inajikusanyaje? (Mwanafunzi, Majengo, Moshi)

Hapa ndipo penye utamu, nivumilieni. Jua ni gesi yenye umeme. Kwenye ikweta yake linajizungusha kwa siku kama 25. Karibu na ncha, zaidi ya 30. Gesi hiyo na sumaku huburutana, kwa hiyo mistari ya sumaku inavutwa na kusokotwa. Mingine huchomoza juu kama tao: inapotokea pana doa, inaporudi ndani pana doa la pili. Ndiyo maana madoa hupenda kwenda mawili mawili.

Nyayo za tao hazitulii. Gesi ya chini inazisukuma na kuzizungusha, na nishati inaongezeka kama kwenye mpira unaosokotwa, siku baada ya siku. Mistari yenye mielekeo inayopingana ikibanana, hukatika na kuungana upya. Kilichokusanywa kwa siku kadhaa hutoka kwa dakika: mwanga na eksirei, na mara nyingine wingu la gesi lenye uzito wa mabilioni ya tani. Mwanga hutufikia kwa dakika 8. Wingu, siku moja hadi tatu au zaidi.

Basi msiogope ukubwa peke yake. Doa kubwa lililotulia laweza kupita kimya. La kuangaliwa ni kundi ambalo ncha za sumaku za kaskazini na kusini zimebanana, kama lile la Mei 2024 lililoleta duniani dhoruba ya sumaku kali kuliko zote tangu 2003.

Redio zetu za porini zitaathirika? (Mwongoza watalii, Usa River)

Za masafa mafupi, ndiyo: mlipuko ukitokea mchana wetu, mawasiliano yanaweza kufifia kwa dakika kadhaa au hata saa nzima. Redio koli za VHF kwa kawaida haziguswi.

Madoa ndiyo yanayomaliza barafu ya Kilimanjaro? (Msomaji, Marangu)

Hapana. Katika mzunguko wa madoa wa miaka 11, mwanga wa Jua hubadilika kwa asilimia 0.1 tu.