Sinki Linalokoroma

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeongeza sinki na kuliunga kwenye bomba la kutolea maji ya bafu. Kila mtu akimaliza kuoga, sinki linakoroma, kisha linanuka. Nifanyeje?" Nilicheka, halafu kicheko kikaniisha. Sinki hilo nalijua. Nimeishi nalo miezi saba.

Langu lilianza kwa kiburi. Fundi alitaja ujira wake nikaona anataka kunila. Kazi yenyewe si kukata bomba, kutia Ti, kile kiungo chenye umbo la T, na kupaka gundi? Jumamosi moja nikafanya mwenyewe. Levo, kile kipimo cha usawa, sikuwa nayo, nilitumia jicho. Jioni maji yakashuka vizuri, nikawaita watu wa nyumbani waje kuona. Shemeji naye alikuwepo. Akanawa mikono, akasema, "Haya, ngoja tuone."

Kauli hiyo mpaka leo inanichoma.

Wiki ya pili likaanza kukoroma kama mtu aliyelala chali. Baadaye povu la bafuni likawa linachungulia kwenye sinki, na harufu juu yake. Nikamwaga maji ya moto, nikamwaga dawa za kuzibua, nikachokonoa kwa waya. Wapi! Bomba halikuwa limeziba. Wageni wakija, mke wangu alifunika tundu la sinki kwa sahani. Sahani ile ilinidhalilisha kuliko harufu yenyewe.

Mwishowe nikamwita fundi yuleyule. Hakunisimanga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimwaga ndoo nzima bafuni, akainama kusikiliza. "Mwanangu, maji yako hayana neno. Hewa ndiyo inayokusumbua."

Chini ya sinki kuna ule mpindo, trapu, unaobaki na maji ya kimo cha sentimita 5 hivi au zaidi. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu. Sasa maji ya bafu yakishuka yamejaza bomba lote, huvuta hewa nyuma yao, na pa kuivutia palikuwa sinki langu. Hapo ndipo linapokoroma. Maji ya trapu nayo hufyonzwa yakaenda, njia ya harufu ikabaki wazi. Povu nalo lilipanda kwa sababu bomba nililaza karibu sawasawa, tena Ti yangu haikuyaelekeza maji upande wowote.

Fundi alikata vyote. Akaweka bomba la pamoja la milimita 50, akaunga kwa kiungo chenye umbo la Y kinachofuata maji yaendako, mteremko sentimita 2 kwa kila mita. Kwetu ni mita 3, basi mwisho ulishuka sentimita 6. Akapandisha na bomba la hewa hadi juu ya paa. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: akaziba mwisho wa bomba, akalijaza maji, akaenda zake nyumbani. Asubuhi alipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, ndipo akaruhusu pafukiwe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza hivi. Jaza maji sinki lako, yaache yaishe, umulike tochi kwenye tundu ukiweza, au ufungue trapu. Mtu akimwaga maji ya bafu, angalia kama ya trapu yanapungua. Yakipungua, dawa ya kuzibua hutaihitaji, unahitaji hewa na bomba pana.

Na nyinyi wengine mnaopenda kujifanyia, nisikilizeni. Nunueni levo! Pangeni vipande vikavu kwanza, mtie alama za penseli, kwa maana gundi ya PVC, ya mabomba ya plastiki, haina subira, hushika upesi. Msifukie kabla ya kujaribu. Mteremko, narudia, mteremko. Halafu tuache kuona aibu kumlipa mtu anayejua. Mimi nililipa mara tatu, ukihesabu zile dawa.

Shemeji alikuja mwezi uliopita. Alinawa kwenye sinki hilohilo, hakusema neno. Ila nilimwona akiinama kidogo, ananusa.