Ukishinda raundi mbili za mwanzo hujashinda kitu: kwa wadogo zangu mnaokuja Thailand kupigana muay thai

Wiki iliyopita dogo wetu mwingine kashuka ulingoni analalamika kaibiwa. Raundi ya kwanza na ya pili alirusha ngumi mfululizo, watalii wakashangilia. Ya tatu na ya nne akabanwa kwenye klinchi, yaani kushikwa shingo kwa karibu, akala magoti ya mbavu mpaka akaanza kupumua kwa mdomo. Ya tano akamkimbiza Mthai aliyekuwa anarudi nyuma huku anatabasamu. Majaji wakampa Mthai. Dogo akapiga teke ndoo ya maji na kutukana Kiswahili cha kwao chote. Kru, mwalimu wetu, akanigeukia, maana mkalimani wa matusi yenu ni mimi. Nikamwambia, "Anasema asante."

Sasa nimechoka kueleza jambo lilelile kando ya ulingo. Naandika mara moja, mkija msome. Nyinyi mnaotoka kwenye kickboxing ya nyumbani mnajua teep, lile teke la kusukuma, mnajua kufunga bandeji, teke mnalo. Mnachokosa ni kujua mmeingia kwenye mchezo gani.

1. Jueni pointi zinavyohesabiwa kabla hamjajua kupiga.

Raundi tano, dakika tatu tatu, mapumziko dakika mbili. Mbili za mwanzo watu wanapimana tu, pambano liko ya tatu na ya nne. Ya tano, anayeongoza anarudi nyuma, anatoa teep moja moja, anatembea, na hakuna Mthai atakayemwita mwoga. Wewe unayemkimbiza ndiye unayetangaza kwa ukumbi mzima kwamba unajijua umeshindwa. Jaji anatazama teke safi la mwili, goti lililoingia, na nani kayumba. Ngumi isiyomtikisa mtu ni kelele. Na teke ulilolizuia kwa mkono msijidanganye kwamba limezuiwa: Apidej Sit-Hirun, nyota wa miaka ya 1960, anakumbukwa kwa mateke yaliyovunja mikono ya wapinzani.

Halafu msije na ile hadithi kwamba Wathai hawajui ngumi. Saensak Muangsurin alitwaa mkanda wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, mwaka 1975 katika pambano lake la tatu tu la ngumi za kulipwa. Samart Payakaroon, ambaye wengi humtaja kuwa fundi kuliko wote wa muay thai, naye alitwaa wa WBC mwaka 1986. Ngumi wanazijua vizuri sana. Hawazitumii kama wewe kwa sababu huku hazilipi pointi.

2. Kimbieni asubuhi. Hakuna mjadala.

3. Kabla ya kukubali pambano, muulize promota: raundi tatu au tano?

Zamani swali hili lisingekuwa na maana. Bangkok ilikuwa na viwanja viwili vya kuheshimika, Rajadamnern wa mwaka 1945 na Lumpinee wa mwaka 1956 ulio chini ya jeshi, na vyote vilikuwa na jukwaa la wakamaria linalonyoosha vidole juu na kupiga kelele kuliko spika. Utulivu wa raundi mbili za mwanzo ndio muda wao wa kupanga bei. Mimi ni katika wanaoamini kwamba kamari ndiyo iliyoutengeneza mwendo wa pambano mnaouona leo, ingawa kru wangu akisikia hivyo atanipigisha pushapu.

Kisha Machi 2020 pambano la Lumpinee likasambaza korona kwa watazamaji wengi, nchi nzima ikaukasirikia uwanja. Ulipofunguliwa tena kamari ikapigwa marufuku humo ndani, na Novemba 2021 wanawake wakapigana Lumpinee kwa mara ya kwanza. Dada zangu, hilo ni la juzi tu. Kuna viwanja vya mikoani ambako bado mtaambiwa mpite chini ya kamba ya mwisho wakati wanaume wanaruka ya juu. Amueni wenyewe kama mtapanda, lakini jueni kabla ya siku ya pambano, msijulie ngazini.

Mwaka 2022 Rajadamnern wakaanzisha ligi yao ya raundi tatu, pointi zikitangazwa baada ya kila raundi. Januari 2023 kampuni ya mapambano ya ONE Championship ikaingia Lumpinee kila Ijumaa: raundi tatu, glovu ndogo za aunsi nne, na bonasi ya baht 350,000 kwa atakayewafurahisha kwa KO. Huko sasa ngumi zako zina soko. Ukitembea na kusubiri raundi ya tatu, raundi ya tatu ndiyo ya kwenda kuoga. Vijana wa Kithai wenyewe wamechanganyikiwa: kambi ileile, asubuhi mmoja anafundishwa kutunza uongozi wake, mwingine pembeni anafundishwa kumaliza mtu mapema. Makru wazee wananuna, wanasema sanaa inakufa. Lakini hao hao ndio wanaowapeleka watoto wao wa kambi kusaka ile bonasi, na siwalaumu.

Kuna dogo aliniambia yeye anataka muay thai ya asili, isiyoguswa. Nikamuuliza ipi. Glovu, raundi za saa na ulingo wa kamba vyote viliingia karne ya 20, kutoka ngumi za Wazungu. Kabla ya hapo watu walifunga mikono nyuzi za pamba. Akasema basi hiyo ya nyuzi. Leo analalamika bandeji zinambana.

4. Kona ina mdomo mmoja, na huo mdomo si wako.

Hapa inabidi niseme langu, maana ninawafokea kwa jambo ambalo mimi nililifanya vibaya kuliko nyote.

Kambi iliyonipokea mwanzo ilikuwa Isaan, kaskazini-mashariki, kwenye mpunga na vumbi, wanakotoka mabondia wengi wa nchi hii kwa sababu shamba halilishi nyumba mwaka mzima. Mtoto akipigana sherehe ya hekalu anarudi na baht mia chache, akikua akapata jina anaitwa Bangkok, anapigana kwa jina la kambi kama ubini, na kambi inachukua takriban nusu ya malipo. Nusu nyingine inatumwa kijijini. Hayo nilikuwa nayajua kama maelezo. Sikuwa nayajua kwa uso wa mtu.

Siku hiyo sikuwa na pambano. Nilibeba ndoo na barafu, nikawachua vijana kwa nam man muay, yale mafuta yenye mentholi yanayokutoa machozi. Ulingo ulisimamishwa uani kwa hekalu, kati ya vibanda vya soseji na jukwaa la muziki. Kijana wetu mkuu alikuwa na miaka kumi na sita. Kambi mbili zilikuwa zimewekeana dau la pembeni, mshindi anabeba lote, na dau la upande wetu lilichangwa: kru, wajomba wawili wa kijana, hata mama anayeuza saladi ya papai mbele ya geti letu.

Kijana aliongoza vizuri kabisa. Ya tatu akambana mwenzake kwenye kamba kwa magoti, ya nne vilevile. Ya tano ilipoanza wakamaria walishaacha kuitana. Kru akashusha kiganja taratibu: rudi nyuma, tembea, imekwisha. Zumari linalosindikiza pambano likaongeza kasi, dogo akaanza kucheza na miguu yake. Mimi, na akili yangu ya kickboxing, nikaona mikono ya yule mpinzani imeshuka. Nikaona KO. Nikasogea mpaka kwenye kamba, nikapiga kelele kwa Kithai changu cha jikoni, "Chok! Chok!" Mpige!

Mnafahamu kumzidi mtu umri kulivyo na uzito huku. Jioni nilikuwa namshikia pedi, alikuwa ananiita phi, kaka. Akanitupia jicho, akasita kidogo tu, akaingia. Kiwiko cha mpinzani kikamkuta juu ya nyusi. Alisimama kabla hesabu haijaisha, lakini refa alimtazama machoni, akazungusha mikono: pambano limekwisha, tumeshindwa.

Ningefurahi wangenipiga. Kru hakusema neno. Alimfuta dogo damu, akamvua kinga ya meno, akaidumbukiza kwenye ndoo niliyoishika mimi. Njiani tukiwa nyuma ya pikapu, dogo na kitambaa kichwani, ndiye aliyeniomba mimi radhi. Aliniambia aliingia vibaya, alisahau kuinua mkono wa kushoto. Mjomba mmoja alikuwa ameweka hela ya mbolea. Kesho yake nilimpelekea kru bahasha. Akaihesabu mbele yangu, akatoa ya kulipia nyuzi za kushonea, nyingine akanirudishia mkononi, akaenda kumwagilia miche yake. Mama wa saladi aliendelea kuniuzia, ila ile pilipili ya utani aliyokuwa ananizidishia makusudi hakunizidishia tena kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo nikikuona umeegemea ulingo unampa mtu wa watu ushauri, usishangae nikikuvuta kwa kola.

5. Watoto.

Mtafika kambini mkute mtoto wa miaka minane anapiga teke kuliko nyinyi. Msianze kumhubiria baba yake, na msimpige picha mkaandika chini yake maneno ya kusikitika. Wathai wenyewe wanabishana kuhusu hili kwa sauti kubwa. Sheria ya ndondi ya mwaka 1999 inawaruhusu walio chini ya miaka 15 kupigana kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2018 kijana wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa KO, ukaja mswada wa kuwazuia walio chini ya miaka 12. Kambi nyingi zikaupinga, zikisema ukimwanzisha mtoto akiwa mkubwa hatakuwa bingwa, na nani atalipa ada yake ya shule. Madaktari waliokuwa wakichunguza ubongo wa watoto hao walikuwa upande wa pili. Mimi baada ya kile kiwiko niko na madaktari: mtoto apige mwili, kichwa kiachwe. Nimemwambia kru hivyo, kwa adabu, tukiwa wawili. Alinisikiliza, akasema mwanawe wa kwanza alianza akiwa na saba, kisha akanyamaza. Mwanawe wa mwisho hapigani, anasoma umeme.

6. Mongkhon, ile taji ya kuvaa kichwani kabla ya pambano, haiwekwi chini. Wai kru, ile ngoma ya kumheshimu mwalimu kabla ya kupigana, jifunzeni fupi mliyoimudu. Yule wa dakika sita hadi mpiga zumari anapiga miayo, simtaji, anajijua.

7. Msibishane nani aliuanzisha mchezo.

Mtasikia habari za Nai Khanomtom, bondia wa simulizi za kale aliyewapiga Waburma, na kila Machi 17 ni siku yake. Mtasikia pia Wakambodia wakisema mchezo ni wao. Kwenye michezo ya SEA Games ya Phnom Penh mwaka 2023 wenyeji waliuita Kun Khmer, Thailand ikakataa kupeleka mabondia katika mchezo huo. Dogo mmoja akaleta mada hiyo mezani, akidhani anaufurahisha upande wa Wathai. Hakujua nusu ya meza walikuwa vijana wa Surin na Buriram, mikoa ya mpakani na Kambodia, ambao nyumbani kwao bibi anaongea Kikhmer. Wali ukalika kimya kimya.

La Olimpiki pia mliulize kwa upole. Shirikisho la kimataifa, IFMA, lipo tangu 1993, na IOC, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ililitambua kikamilifu mwaka 2021, lakini kutambuliwa si kuingizwa kwenye ratiba ya michezo. Wapo wanaoisubiri siku hiyo kwa hamu, wapo wanaoogopa kwamba ikifika watavalishwa kofia na vesti na kupigana kwa dakika chache. Kumbukeni dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Thailand, ya Somluck Kamsing mwaka 1996, ililetwa na mtoto wa muay thai wa Isaan aliyehamia ngumi.

8. Viza. Tangu 2024 kuna ile ya DTV, ya kukaa muda mrefu, na mazoezi ya muay thai yanakubalika kama sababu ya kuiomba. Someni masharti wenyewe, hasa kuhusu kulipwa, msitegemee maneno ya jamaa wa kambi. Wanataka pia uonyeshe baht 500,000 kwenye akaunti. Ukiwa nazo, nipigie simu kwanza unieleze magoti ya mbavu unayatafutia nini.