Ukifunga sensa ya oksijeni isiyo na soketi, usifuate rangi za waya

Sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi, yenye soketi ya gari lako ikiwa ghali, muuza spea atakutolea ile ya kufungwa gari lolote: nyaya nne, ncha tupu. Nimezifunga kwenye gari langu na ya majirani hapa Mombasa, na zinafanya kazi vizuri mradi mtu asiharakishe. Kwanza hakikisha gari lako linaikubali. Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja juu, sensa iliyo mbele ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) ni ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta. Nayo ina nyaya nne, lakini hiyo na sensa ya oksijeni hazibadilishani nafasi hata kidogo.

Sasa rangi. Kwenye sensa za Denso, nyeusi mbili ni za hita (kipasha joto kilicho ndani ya sensa), buluu ni ishara, nyeupe ni athi ya ishara. Bosch, nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni athi. Haya, umekata soketi ya Denso iliyokufa, sensa mpya ina rangi za Bosch, fundi akaunganisha nyeusi na nyeusi: tayari amepeleka volti 12 kwenye waya wa ishara, ambao kazi yake ni kutoa chini ya volti moja. Mtu ananunua sensa asubuhi, jioni anarudi dukani kugombana, kumbe kosa liko kwenye kiungo.

Kwa hiyo chukua mita ya umeme. Kwenye sensa mpya, nyaya mbili za rangi moja zikisoma omu chache, hizo ni za hita, na zenyewe hata ukizigeuza hakuna neno. Ishara na athi yake ndizo zisizogeuzwa. Halafu fungua terminali hasi ya betri kabla ya kukata chochote.

Mafundi wetu wengi wa umeme wakiona waya mkononi ni kulehemu tu. Mahali pengine sawa, hapa usikubali. Sensa hii hulinganisha oksijeni iliyo ndani ya ekzosi na ile ya hewa ya nje, na hewa hiyo ya nje huipata kupitia katikati ya nyuzi za waya, ndani ya ganda lake. Ukimimina lehemu, au ukapaka grisi kwenye soketi, umeiziba pumzi. Bana kwa viungo vya shaba na koleo lake, kila kiungo kikae mbali kidogo na mwenzake, kisha vika mpira unaonywea kwa joto. Tepu ya dukani haifai. Joto la ekzosi linayeyusha gundi, na kwa hewa yetu ya chumvi, hasa gari linalovuka Likoni kila siku, shaba iliyo wazi huota kutu ya kijani upesi sana.

Ukimaliza, acha injini ipate moto. Weka mita ya dijitali kwenye ishara, kamwe si taa ya kupimia, maana inavuta umeme mwingi. Sensa ya mbele ikiwa nzima, namba hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda kwenye 0.45, rudia viungo vyako kabla ya kuilaumu sensa, na uangalie fyuzi ya hita.